Niulize Jumamosi

Kituoni walimwita Sindano, kwa wembamba wake, na pia kwa sababu kila alipoingia mahali lazima mtu aseme "aa!" Jina halikumkera. Kilichomkera Jumapili hiyo, saa nane mchana, ni faili alilolibana kwapani. Mkuu wake alikuwa amekwisha kuliandikia maneno mawili kwa wino mwekundu: "Ameondoka mwenyewe."

Huyo aliyeondoka mwenyewe alikuwa fundi pampu wa idara ya maji, umri miaka thelathini na tisa, mke mmoja, binti mmoja, hana kesi, hana ugomvi. Wiki saba nyuma, siku ya Jumatatu, alipanda baiskeli kwenda kukagua pampu zake, asirudi. Baiskeli ilikutwa stendi ya mabasi, imefungwa kwenye nguzo kwa kufuli. Mkuu akamaliza kazi akiwa kitini: mwanamume, stendi, basi, basi kuna mwanamke mwingine. Sindano aligoma kulifunga faili kwa sababu ya lile kufuli. Mke wa Fundi alikuwa amemwambia kwamba baiskeli ile haijawahi kuwa na kufuli. Mumewe alizoea kuiingiza hadi ndani ofisini na kugombana na wafagiaji.

Asubuhi hiyo mke huyo, ambaye ni nesi, alikuwa amempigia simu. Sauti yake ilitoka kama ya mtu aliyekimbia. "Afande, njoo. Mume wangu amenijibu."

Sasa walikuwa wamekaa sebuleni wakimsubiri, watu watatu. Nesi mwenyewe, bado na sare ya kazi. Kinyozi, mdogo wake Fundi, mnene, mcheshi, ambaye siku hizo ucheshi ulikuwa unamtoka kwa mazoea tu. Na mama yao, aliyekaa karibu na dirisha chini ya cheti cha kustaafu kilichowekwa kwenye fremu, mikono magotini, vidole vikichezacheza juu ya nguo kila mtu alipozungumza. Mtoto alikuwa amelala chumbani. Sindano aliwaamkia, akaitikiwa, akaketi, akatoa daftari.

"Nionyeshe," alisema.

Nesi akamkabidhi simu. Ijumaa alikuwa ameandika: *Nimepewa uhamisho. Natakiwa kujibu Jumatatu. Niende?* Jibu lilikuja papo hapo: *Hilo sijalijua bado. Niulize Jumamosi.* Jana Jumamosi, saa kumi jioni, aliuliza tena maneno yaleyale. Jibu: *Usiende popote. Nisubiri hapahapa, wewe na mtoto.*

"Hii namba ni ya nani?"

"Ya Domo," alisema Kinyozi. "Afande, Domo humjui? Basi ulikuwa unaishi kwa raha."

Domo lilikuwa pumbao la Fundi. Ukoo wao ulikuwa na kundi la simu lenye watu hamsini na kitu, na kila alfajiri lazima watu hamsini na kitu waamkiane. Usipoitikia, unaambiwa unajivuna. Fundi, ambaye hakupenda kuamka mapema, akanunua kompyuta chakavu, akajifundisha mwenyewe kwa miezi minne, akatengeneza kijiprogramu cha kuitikia salamu kwa niaba yake. Kwa wiki tatu nzima alisifiwa kwa adabu. Aligundulika msibani, alipokuwa anakoroma mbele ya shangazi zake huku ukoo mzima ukipokea "marahaba" zake. Walicheka mpaka msiba ukataka kuharibika. Baada ya hapo Domo likapewa namba yake lenyewe, na kila mtu akawa anapiga nalo soga.

"Lilikuwa linaniita mke mkubwa," Nesi alisema. "Mdogo hakuna."

"Na hii ya Jumamosi?"

"Domo halijui kitu ambacho halikufundishwa. Ukiliuliza jambo geni, linaliandika pembeni, linakwambia uje Jumamosi. Jumamosi asubuhi yeye alikuwa anakaa pale, anasoma yaliyoandikwa pembeni, anayaandikia majibu. Moja moja, kwa mkono." Akaichukua simu yake. "Jumamosi ya kwanza baada ya kupotea kwake, alfajiri, nililiuliza anarudi lini. Sijui kwa nini. Nilikuwa nimechoka. Jioni nikauliza tena, likanijibu, *Nitarudi. Msiniondokee.* Nikajua kuna mahali amekaa, analifundisha. Sikukwambia, afande, niliogopa utamfukuza. Lakini sasa uhamisho wenyewe wa Jumatatu. Nikikataa nimepoteza nafasi. Nikikubali, akija akakuta nyumba tupu je? Niambie nisubiri au nilie. Mimi chochote nitafanya, lakini niambie."

Vidole vya mama mtu mzima vilitua magotini, vikatulia.

"Nionyesheni lilipo," alisema Sindano.

Lilikuwa uani, katika kichumba kilichokuwa stoo. Meza, kiti kilichofungwa waya, kompyuta inayounguruma kwa feni yake, na pembeni simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, imechomekwa kwenye chaji tangu siku ile. Kila baada ya dakika chache simu ilitetemeka juu ya mbao, kioo kikawaka, maneno yakaja, maneno yakajibiwa, kioo kikazima. Binamu fulani alikuwa anataka kujua hali. Domo likamjibu kwamba ni nzuri, namshukuru Mungu, sijui huko. Sindano alikuwa amesimama na maiti nyingi katika maisha yake ya kazi bila kusisimka. Hapa alijikuta amerudi hatua moja mlangoni.

Akapiga simu makao makuu, kwa mtaalamu wa kompyuta ambaye alimwelekeza pa kubonyeza kwa kipanya, naye Sindano akamsomea kila kilichotokea kwenye kioo. Walimaliza nusu saa. Alipokata simu alikuwa ameandika mistari mitatu daftarini: Hakuna anayeifikia mashine hii kutoka nje. Majibu mapya yote yaliandikwa hapahapa mezani. Siku saba, zote Jumamosi, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi.

"Nani anajua neno la siri?"

Kinyozi akainama, akaonyesha karatasi iliyogundishwa chini ya meza. "Ukoo mzima. Yeye mwenyewe alikuwa analisahau."

"Jumamosi saa tatu wewe huwa wapi?"

"Dukani. Afande, Jumamosi kila kichwa kinataka kunyolewa. Nina mashahidi wenye vipara."

"Wewe?"

"Zamu ya asubuhi wodini," Nesi alijibu. "Kitabu cha zamu kipo."

Sindano alikuwa anaitazama kibodi. Vitufe vyake vilikuwa vitupu, vyeusi tii, havina hata herufi moja. Juu ya kila kimoja palikuwa na alama ndogo ya gundi iliyokauka, ya mraba.

"Hii imekuwaje?"

Nesi akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Aliisafisha kwa thina ya rangi. Herufi zote zikaondoka. Akakata vipande vya plasta vya hospitali, nilimletea mimi, akaandika herufi kwa kalamu, akabandika. Alikuwa anaandika kwa vidole viwili, anatafuta herufi utadhani anachagua mchele." Kisha tabasamu likamtoka. "Mbona plasta hazipo?"

Sindano akavuta droo. Plasta zilikuwemo zote, zimebanduliwa na kubandikwa upya juu ya karatasi nyeupe, kwa mistari iliyonyooka, hakuna hata moja iliyochanika. Mtu alikuwa ameziona zinamsumbua vidole, akazitoa, na hakuwa na moyo wa kuzitupa.

"Kinyozi, kaa hapo. Niandikie jina lako."

Kinyozi akakaa, akabonyeza, akatazama kioo, akabonyeza tena. Baada ya dakika mbili alikuwa ameandika kitu ambacho hakisomeki. Nesi akajaribu, akapata herufi tatu za mwanzo kwa kubahatisha, akaacha. Kwa vidole viwili mtu anahitaji kuona. Fundi naye alihitaji plasta zile, la sivyo asingejihangaisha kuzikata. Sindano aliandika hayo, akapigia mstari. Aliyekaa kwenye kiti hiki Jumamosi saba hakuwa Fundi, wala hakuwa mmoja wa hawa wawili.

Hakuwaambia. Aliona uso wa Nesi ulivyokuwa ukikitazama kile kiti, na moyo ukamuuma.

"Tuangalie daftari la watu," alisema badala yake.

Hilo lilikuwa orodha ambamo Domo lilijua namba ya kila mtu, limwamkie au lisubiri kuamkiwa, na limwite nani. Sindano alishusha macho polepole. Mama. Mke mkubwa. Dogo kichwa. Mjomba wa mashariki. Binamu wawili. Shangazi, shangazi, shangazi. Mwisho kabisa palikuwa na mstari mmoja ulioongezwa Jumamosi ya nne.

"Huyu ni nani?"

Kinyozi akachungulia, akacheka kicheko kifupi. "Shangazi yetu mdogo. Dada wa mwisho wa marehemu baba. Alikuwa hana simu, kanunuliwa juzijuzi. Alikasirika huyo! Alilisalimia Domo, Domo likamwambia, *Karibu sana, wifi.* Akapiga simu kwa kila mtu: hata mashine ya mtoto imerukwa na akili, inaniita wifi. Tukasema limeharibika, mwenyewe hayupo kulitengeneza."

"Wewe unamwitaje?"

"Shangazi. Si shangazi yangu?"

"Na wewe?"

"Mimi pia shangazi," alisema Nesi. "Wifi zangu ni dada zake mume wangu. Hana dada."

"Na mtoto?"

"Bibi."

Sindano akalifunga daftari lake. Domo lilikuwa sahihi. Lilimwita yule mwanamke kama lilivyofundishwa, na aliyelifundisha aliandika bila kufikiri, kama anavyomwita miaka yote. Mke wa kaka mtu. Jumamosi saa tatu Kinyozi yuko dukani, Nesi yuko wodini, na nyumbani anabaki nani?

"Nani anakaa na mtoto Jumamosi?"

"Mama," Nesi alisema. "Lakini mama hagusi hiyo mashine, afande. Anasema ina mdomo mchafu."

Walirudi sebuleni. Mama alikuwa palepale. Sindano hakukaa kwenye kiti chake cha kwanza; alivuta kigoda, akaketi miguuni pa mwanamke yule, kama mtoto anayetaka kusimuliwa.

"Mama, pale ukutani imeandikwa utumishi wa miaka thelathini na moja. Ulikuwa kazi gani?"

"Katibu muhtasi, mwanangu. Mabosi sita. Wote nimewazika."

"Ulikuwa unapiga taipu."

"Maneno sitini kwa dakika. Bila kuangalia chini. Ukiangalia chini, mwalimu wetu alikuwa anakupiga rula." Vidole vyake vilikuwa vimeanza tena juu ya goti, vyote kumi, vyepesi, kila kimoja kikijua kwake. Sindano alikuwa amevidhania wasiwasi tangu alipoingia. Sasa aliona vinaandika. Kila lililosemwa chumbani humo vilikuwa vimeliandika.

"Yule mwenye simu mpya, mama. Dada wa marehemu mzee. Wewe unamwitaje?"

"Nani, wifi?"

Vidole vikasimama.

Nesi alikuwa amesimama mlangoni na alielewa polepole, huku ameshika mlango.

"Mama," alisema. "Ni wewe?"

Mama alimtazama Sindano, siyo mkwewe. "Nilitaka kumjibu tu. Analia usiku, nasikia ukutani. Nikasema nikiandika kwamba atarudi, atalala. Alilala."

"Na ulijuaje kwamba harudi?" Sindano aliuliza.

Swali lilikuwa la upole, lakini lilikuwa na ncha. Mama akainuka kwa kushika ukuta, akaenda chumbani kwake, akarudi na kopo la bati la nyuzi na vifungo. Akalifungua. Chini ya nyuzi palikuwa na miwani ya fremu nyeusi, mkono mmoja umefungwa kwa waya mwembamba wa shaba.

Nesi aliitambua miwani ya mumewe, akatoa sauti ambayo haikuwa neno.

"Yule mlinzi wa pampu ya zamani, ile isiyotumika," Mama alisema. "Alikuja siku ya tatu, Jumatano. Ninyi mlikuwa kazini. Akasema ameiokota kwenye mdomo wa kisima, mfuniko umevunjika. Akaniambia yeye hakuwepo siku ile, alitoroka zamu, wakijua atafungwa. Akanipigia magoti."

"Ukamuuliza nini?"

"Sikumuuliza. Ningemuuliza, angenijibu."

Sindano alitoka nje barazani kupiga simu. Alitoa maagizo kwa sauti kavu: gari, kamba, watu wa zimamoto, pampu ya zamani, mlinzi akamatwe asiruhusiwe kwenda hata msalani peke yake. Kisha akamwagiza askari wa stoo ya kituoni akalichukue lile kufuli la baiskeli na kulilinganisha na makufuli ya mageti ya idara ya maji. Alijua yatalingana. Mlinzi mwoga alikuwa ameisukuma baiskeli hadi stendi, halafu akaona aibu kuiacha ikaibiwa, akaifunga kwa kufuli la mwajiri wake.

Aliporudi, sauti ya Nesi ilikuwa imejaa nyumba.

"Wiki saba namwekea chakula! Wiki saba natandika upande wake! Watu wananicheka kazini, wanasema mumeo kakukimbia, na wewe unajua! Unanitazama kila asubuhi na unajua!"

"Ungeondoka na mtoto," Mama alisema. "Ukishajua, ungeondoka. Ningebaki na nini?"

"Ungebaki na ukweli!"

"Siutaki," Mama alisema. "Ninao wa mume wangu, wa mabosi sita, unanitosha."

Kinyozi alikuwa analia bila kujificha, mikono juu ya kichwa. Sindano aliwaacha. Alirudi stoo kumalizia kazi, kunakili kila kitu kwenye kijiti cha flashi alichopewa na makao makuu, kwa sababu ushahidi ni ushahidi. Ndipo alipoifungua orodha ambayo hakuwa ameifikia, ile ya mambo ambayo Domo halikuyajua.

Mama alikuwa amejibu maswali ya kila mtu. Ya binamu, ya mjomba, ya mkwewe. Yaliyobaki yalitoka kwenye namba moja, na yalikuwa swali moja, kila siku saa kumi na moja alfajiri, kuanzia Alhamisi ile ya kwanza. *Mwanangu, uko wapi?* Mara arobaini na sita. Na mara zote Domo lilikuwa limemjibu: *Hilo sijalijua bado. Niulize Jumamosi.* Jumamosi saba alikuwa ameketi kwenye kiti hiki, swali lake mwenyewe likiwa mbele ya macho, asiweze kuliandikia jibu.

Sindano alimwita Nesi. Hakueleza kitu. Alimwachia kiti, naye akasimama nyuma yake. Nesi alisoma hadi mwisho, akarudi juu, akasoma tena.

Saa kumi na moja jioni simu ya Sindano ililia. Alisikiliza, akasema "sawa" mara mbili, akakata. Hakuhitaji kusema. Nesi alimtazama usoni, akainamisha kichwa. Kisha akainuka, akaenda sebuleni, akarudi amemshika mama mkwe wake mkono, siyo kwa upole. Kinyozi akawafuata.

"Kaa," alisema.

Mama akakaa mbele ya vile vitufe vitupu.

"Sijakusamehe, mama. Andika. Nikiuliza anarudi lini, liseme: Sirudi. Nililieni."

Kisheria Sindano alipaswa kuzuia. Alikwisha kunakili kila kitu. Akageuka, akatazama ukuta. Nyuma yake alisikia vidole kumi vikipita juu ya kibodi, haraka, bila kukosea, mara moja tu.

"Sasa lako," Nesi alisema.

Vidole havikusogea. Feni ya mashine iliunguruma.

"Siwezi, mwanangu."

"Nitakusomea. Wewe piga tu, kama kazini." Sauti ya Nesi ilikatika, akaitafuta, akaipata. "Nimepatikana, mama. Pumzika."

Ilichukua muda mrefu zaidi ya maneno yenyewe. Ilipokwisha, Mama alitoa simu yake kwenye mkunjo wa nguo, akaandika swali lake la kila alfajiri, akalituma. Juu ya meza ile simu iliyopasuka ilitetemeka, kioo kikawaka, kikazima. Ya mkononi mwake ikalia.

Alisoma. Akampa mkwewe simu aishike, kwa uangalifu, kama mtu anayekabidhi ofisi. Kisha akapiga kelele ambayo majirani waliisikia hadi barabarani, na watu wakaanza kuja.